Ridhaa ya Mwenye Dhiki

Aliyepita karibu na jumba la KICC, katikati ya jiji la Nairobi, siku zile za kuingia Agosti 2023, aliuona umati wa watu, vijana wengi wao, wamejipanga foleni ndefu wakingoja zamu ya kulitazama tufe ling'aalo, ili Worldcoin, shirika ambalo Sam Altman wa Marekani ni miongoni mwa waasisi wake, lipate taswira ya mboni za macho yao, nao wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000.

Wako waliowacheka kwa ujinga. Mimi siwacheki, kwani mpangaji wa Kawangware au Kangemi anayedaiwa kodi ya chumba, akionyeshwa fedha kama hizo, hana wasaa wa kuuliza taswira ya jicho lake itahifadhiwa wapi, na nani, kwa muda gani. Na lawama yote ni ya yule aliyeijua dhiki hiyo akaifanya mlango wa kupitia. Ridhaa ni moyo kulikubali jambo baada ya kulifahamu, na fedha ikitangulia mbele ya maelezo, kilichopatikana ni bidhaa tu.

Serikali ililisimamisha zoezi lile tarehe 2 Agosti, walakini baada ya watu zaidi ya laki tatu kwisha kutazama. Taasisi ya Katiba ikaenda mahakamani pamoja na wengine, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taswira zile zifutwe katika muda wa siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Wala teknolojia si adui yetu. Mwaka 2010, katika Barabara ya Ngong, kituo cha wabunifu wa teknolojia, iHub, kilifunguliwa, na vijana wa mji huu wakaingia kujifunza, kubuni na kubishana. Waliingia kwa majina yao, wakijua wamefuata nini.

Hukumu ile imeandikwa kwa Kiingereza. Naiomba ofisi ya Kamishna iisome kwa Kiswahili, hadharani, katika uwanja ule ule wa KICC na katika mabaraza ya machifu wa Kawangware na Kangemi, kisha imweleze kila aliyesimama katika foleni ile jicho lake limefanywa nini.