Gari mmelikagua, na abiria je?

Marafiki wakipanga kwenda Mikumi na milima ya Kilosa mwishoni mwa wiki, kuendesha magari porini na kulala kwenye mahema, mazungumzo huwa ni matairi, kamba ya kuvutia gari na nyama ya kuchoma. Afya ya abiria huachiwa Mungu. Kwa maoni yangu, huo ni mpango nusu.

Kubalianeni kabla ya safari: nani hatagusa pombe, ili aendeshe usiku ikitokea dharura, na mtakimbilia wapi. Mikumi ipo Hospitali ya St. Kizito; Kilosa ipo hospitali ya wilaya. Mtoto mwenye pumu au selimundu asafiri na dawa zake ndani ya gari analopanda, amefungwa mkanda, si nyuma ya pikapu.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msifunge kamba, msinyonye sumu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, mwahisheni hospitali.

Usiku laleni ndani ya chandarua. Mkirudi salama, msidhani yamekwisha: homa ya malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Mwambieni daktari mlikolala, na kama mliumwa na mbung'o, maana wadudu hao hueneza malale. Daktari asipoambiwa, huenda asiufikirie ugonjwa huo.