Somo la Historia Lianzie Chini ya Miguu ya Mwanafunzi

Ni desturi iliyokita mizizi katika shule zetu za upili kwamba mwalimu wa Historia huingia darasani na daftari lake, akasimama karibu na dirisha, akaanza kusoma, nao wanafunzi wakainama kuandika. Kengele inapolia baada ya dakika 40, sababu saba za Mapinduzi ya Viwanda barani Ulaya huwa zimehama kutoka daftari moja hadi madaftari 45 bila ya kupitia katika kichwa cha mtu yeyote.

Hali hii ni ya tangu zamani, lakini sasa imekuwa ya hatari. Katika mtaala mpya, ambao Gredi ya 10 ya kwanza iliuanza Januari 2026, somo la Historia na Uraia si la lazima. Mtoto aliyechoshwa nalo ana ruhusa ya kulikimbia, na wengi watalikimbia. Lakini asidhani mtu kwamba kijana wa Nakuru asiyefundishwa historia ya Nakuru shuleni hubaki bila historia. La hasha! Hufundishwa nyingine, jukwaani, wakati wa kampeni za uchaguzi, na walimu wa huko hawamchoshi hata kidogo.

Huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana nini na Historia. Nina sababu mbili. Kwanza, kazi yangu hunilazimu kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha, kuanzia Naivasha hadi Molo, nami huketi nyuma ya darasa katika masomo ya kila aina. Pili, ushahidi wa kihistoria ulio karibu zaidi na mtoto wa Bonde la Ufa, tena usiohitaji nauli wala kibali, ni majina ya mahali. Na majina ni shamba letu sisi wa isimu.

Tulitazame jina la mji wenyewe. Nakuru ni neno lililotokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Katika mji huohuo mna mtaa mkongwe uitwao Kivumbini. Yaani watu wa zama mbili, wenye lugha mbili zisizo na udugu wowote, walisimama mahali pamoja, upepo ukawapulizia macho kitu kilekile, wakapapa jina lenye maana moja! Sijamwona bado mwanafunzi asiyetabasamu akielezwa hilo, na mwanafunzi aliyetabasamu amekwisha kuingia katika somo. Sasa mwalimu na awaombe wataje majina mengine huku akiyaandika ubaoni. Naivasha na Mau Narok ni ya Kimaasai. Neno narok lamaanisha nyeusi. Kaptembwo laanza kwa kiambishi cha Kikalenjin, Kiamunyi kwa cha Kikuyu. Bondeni na Bahati ni Kiswahili, Shabab ni Kiarabu. Kuna mtaa uitwao London, na mwingine ambao haukupewa jina ila nambari tu: Section 58. Kwa dakika kumi darasa limejichorea tabaka za watu waliopita au kukaa hapa, na hakuna aliyeamrishwa kukariri chochote.

Andalio la somo linalostahili jina hilo hujengwa juu ya swali moja ambalo mwanafunzi mwenyewe anataka jibu lake. Swali la somo hili huja lenyewe: ikiwa majina mengi hivi ni ya Kimaasai, wenye lugha hiyo walikwenda wapi?

Hapo ndipo mkataba wa 1904 unapoingia, nao haumo tena katika orodha ya mambo ya kukariri bali umekuwa jibu. Mwaka huo Waingereza waliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu za Naivasha na Nakuru, zilizokuwa kando ya reli mpya, wakawapeleka Laikipia na kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yangedumu muda wote Wamaasai watakapokuwa wangalipo duniani. Yalidumu miaka saba. Mnamo 1911 ulifanywa mkataba wa pili, na hao wa Laikipia wakaswagwa kwenda kusini pamoja na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake walishtaki, na mwaka 1913 mahakama ikasema kwamba mkataba baina ya dola mbili hauko chini ya uwezo wake. Fikiri utamu wa hoja hiyo: Wamaasai walikuwa taifa huru siku ya kushtaki, ilhali siku ya kuhamishwa walikuwa raiya wa kuamrishwa. Mpe mwanafunzi wa miaka 16 jambo hilo pamoja na nakala ya hati, umuulize hati iliandikwa kwa lugha gani na waliotia alama zao walikuwa wakiisoma au wakisomewa, kisha ukae kimya. Hatasinzia.

Najua ni kwa nini walimu wengi huliruka jambo hili wakakimbilia Ulaya. Katika dawati moja la shule ya Molo huenda ameketi mtoto ambaye nyumba ya babu yake ilichomwa mwaka 1992, na kando yake mtoto wa jirani aliyebaki. Januari 2008 moto ukawaka tena, mjini Nakuru na Naivasha pia. Mwalimu mwenyewe ana kabila lake, na mzazi mmoja akinung'unika kwa mkuu wa shule, ni uhamisho. Aidha wako wanasiasa ambao huyafanya majina ya mahali kuwa hatimiliki za ardhi: pakiitwa hivi, basi ni petu, nyinyi mwende kwenu.

Lakini dawa ya uongo huo ni kulisoma jina zaidi. Kilomita chache kutoka katikati ya mji, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, pana kilima cha Hyrax Hill, ambacho Mary Leakey alianza kukichimbua mwaka 1937. Mna makaburi ya watu wa kale, vigae vya vyungu, mashimo ya mazizi yahusishwayo na Wasirikwa, na mbao za bao zilizochongwa juu ya mwamba. Lugha ya wale waliozikwa katika makaburi yale hatuijui, wala jina walilopaita. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya bao lile la mawe hawezi kuamini kirahisi kwamba hadithi ya ardhi hii ilianza siku babu yake alipofika, awe ni babu wa kabila gani.

Na yako mambo ya karibu zaidi. Olenguruone ni jina moja lenye masomo mawili. Familia za Kikuyu zilizopelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1940 zilikataa masharti ya serikali ya kikoloni, zikala kiapo cha umoja, na kufikia 1950 zikafukuzwa, nyingi zikapelekwa Yatta. Nusu karne haikutimia, na jina lilelile likarudi katika habari za mapigano ya 1992. Ripoti ya Tume ya Akiwumi iko, na ile ya Waki ya 2008 iko. Ni nyaraka za umma, wala si uvumi wa sokoni.

Hapa mwanaisimu anaomba aongeze neno. Tunasema mapigano. Kiambishi cha kutendana kilichomo katika kitenzi pigana kinadai kwamba wote walipiga na wote walipigwa, sawa kwa sawa. Bibi akiulizwa na mjukuu wake atasema: tulichomewa. Kitenzi hicho kina aliyetendewa, na nyuma yake yuko mtenda asiyetajwa. Mwanafunzi huyo hulazimika kisha kuandika insha yake kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia Historia, na neno la bibi humponyoka njiani. Kwa maoni yangu mahojiano na wazee yaandikwe kwanza katika lugha yaliyosemwa, tafsiri ije baadaye, na darasa lizilinganishe. Marehemu Profesa Bethwell Ogot aliithibitishia dunia katika kitabu chake cha 1967 juu ya Wajaluo wa kusini kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi. Ni ajabu kwamba shule zetu bado hazijapata habari.

Sisemi mwalimu aingie Jumatatu akaanzie 2008. Aanze na vumbi na bao, aende 1904, na wanafunzi wakisha kuzoea kuuliza nani aliandika, lini, kwa faida ya nani, ndipo afike mahali panapouma. Katika mahojiano watoto wasiandike majina ya waliotuhumiwa; darasa si mahakama.

Mtihani? Maswali ya mtihani wa kitaifa yanajibika, na kijana aliyeujua mkataba wa 1904 kwa njia hii hahitaji kusomewa tena. Gharama nayo isifanywe kisingizio. Shule zinazokodi basi kwenda kutazama mamba Mombasa zinaweza kwenda Hyrax Hill, na baadhi zinaweza kwenda kwa miguu.

Anayetaka mahali pa kuanzia muhula ujao na achukue siku moja tu: 12 Agosti 1963, katika ukumbi wa mji wa Nakuru. Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, aliwahutubia walowezi wa Kizungu, akawasihi wabaki na kulima, na pande zote zisameheane yaliyopita. Magazeti ya wakati huo yaliiripoti hotuba hiyo, na wazee waliokuwa vijana siku hiyo wangalipo mitaani. Darasa lisome alichosema, likiisha kusoma liorodheshe waliokuwamo ukumbini, kisha, katika ukurasa wa pili wa daftari, waliokuwa nje.