Makanisa ya Ituri yapigwe picha yangali yamesimama

ARU, Ituri – Kanisa likishambuliwa hapa Ituri, picha zinazojaa kwenye simu ni za moshi na za maiti. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliwavamia waumini Wakatoliki wa Komanda waliokuwa katika mkesha wa sala, wakaua watu zaidi ya 40. Dunia nzima ilisikia jina la Komanda. Lakini anayetaka kuonyesha watoto wake altare ya parokia hiyo ilivyokuwa Jumapili ya kawaida, watu wakiwa wamekaa na kwaya ikiimba, ataipata kwa shida sana.

Hilo ni kosa, na linaweza kusahihishwa na vijana wenyewe wa parokia kwa simu walizo nazo mfukoni. Makanisa ya zamani ya Ituri yapigwe picha sasa, ndani na nje: milango, nguzo, mimbari, sanamu, Njia ya Msalaba, hata jiwe la msingi lenye mwaka. Na picha hizo zisiishie kwenye simu. Zipelekwe kwa wazee wanaojua maana ya kila kitu, wengi wao leo wakiwa wahami wa vita, ili maneno yao yaandikwe pembeni ya kila picha.

Kwa nini maneno? Kwa sababu makanisa ya misheni yalijengwa wakati ambapo waumini wengi hawakujua kusoma, na sehemu kubwa ya mafundisho iliwekwa kwenye mbao, vioo na kuta. Simba, ng'ombe dume, tai na mtu waliochongwa kwenye mimbari ni Marko, Luka, Yohane na Mathayo. Ndege anayejitoboa kifua ili damu yake ilishe makinda ni mwari, naye ni alama ya Kristo katika Ekaristi. Katekista wa zamani anayaeleza hayo bila kufungua kitabu. Kijana wa leo anaona wanyama tu, tena wengine ambao hajawahi kukutana nao.

Mfano ulio karibu kuliko yote uko Boga, kusini mwa teritori ya Irumu. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, alifika Boga mwaka 1896 kuhubiri. Alipigwa, akafungwa, akarudi. Chifu Tabaro, aliyekuwa adui wake mwanzoni, mwishowe alibatizwa kwa jina la Paulo. Apolo akawa padri wa Kianglikana mwaka 1903, akafa Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliomba jambo moja: azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, badala ya mashariki kama ilivyokuwa desturi. Alitaka hata kaburi lake lionyeshe kwamba kazi yake ilikuwa inaelekea kwa watu wa msituni na haijarudi nyuma kwao Buganda.

Sasa mtu achukue simu apige picha ya kaburi hilo. Ataona nini? Kaburi. Simu haiwezi kuonyesha kwamba mwelekeo wake ni ujumbe, mpaka awepo mtu wa Boga wa kusema: tazama jua linachomoza wapi, halafu tazama kichwa kiko wapi. Picha hiyo ingefaa ipigwe asubuhi, jua likiwa limetokea, mpigaji akionyesha mwanga unatoka upande gani. Kwa picha moja ya namna hiyo na mistari mitatu ya maelezo, mtoto aliyezaliwa kambini angeielewa Boga kuliko kwa picha hamsini za haraka.

Na watu wa Boga wako wapi? Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya kumbukumbu ya Apolo, Boga na Tchabi zilishambuliwa, pamoja na mahali walipokuwa wamekusanyika watu waliokwisha kukimbia makwao. Waliuawa zaidi ya 50. Maelfu walihama. Wanaoweza kueleza kaburi, kengele na kanisa lao wametawanyika, na kila mzee anayefia uhamishoni anaondoka na maelezo yake.

Nje ya Kongo kuna kanisa linaloonyesha vizuri maelezo yanafanya kazi gani. Ni Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, mjini Zanzibar, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Watu wa Kongo wanahusika nalo moja kwa moja, kwa kuwa misafara ya akina Tippu Tip ilivuna watu mpaka Maniema. Mgeni akiingia bila kuelezwa anaona kanisa zuri la mawe. Akielezwa, anajua kwamba altare iko mahali panaposemekana watumwa walichapiwa viboko, na kwamba duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu sakafuni ni ukumbusho wa damu yao. Anaonyeshwa msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Halafu anaonyeshwa nguzo zilizosimikwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa safarini, mafundi wakazigeuza, naye aliporudi akaziacha hivyo. Kila mtalii huzipiga picha nguzo hizo na kucheka. Bila ile hadithi hakuna ambaye angezigeukia.

Makanisa ya Ituri hayana watalii wala waongozaji wa kulipwa. Yana wazee.

Hapa Aru wengine watasema: hayo ni ya Wakatoliki na Waanglikana, hekalu la CECA 20 halina sanamu hata moja. Ni kweli, na hata hilo linasema kitu. Kanisa lililojengwa bila sanamu, mimbari ikiwa katikati na Biblia juu yake, linafundisha kwamba neno linalosomwa ndilo la kwanza. Zaidi ya hayo kuna kenchi za paa zilizochongwa kwa mkono, matofali ya kuchoma yaliyobebwa kichwani na akina mama, mwaka ulioandikwa kwenye saruji kabla haijakauka, pengine na jina la fundi. Vitu hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza paa jipya la bati linapowekwa. Vita havihitajiki ili historia ipotee. Ukarabati wa nia njema na rangi ya mafuta juu ya mbao ya zamani vinatosha kabisa.

Namna ya kupiga nayo ina maana. Ruhusa kwanza, kwa paroko au mchungaji, na kwa wakubwa wa eneo pale inapohitajika: tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na kijana anayezunguka jengo akiinua simu anaweza kuulizwa maswali magumu. Askari na vituo vyao visiingie kwenye picha. Ndani ya kanisa, mwanga wa simu unaowaka kwa ghafla uzimwe, kwa heshima na kwa faida ya picha yenyewe, maana mwanga wa mbele huifanya michongo ionekane bapa kama karatasi. Mchongo huonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni, asubuhi au jioni kupitia dirishani, au rafiki akishika tochi pembeni. Mpigaji aegemee nguzo ili mkono usitetemeke. Apige kwanza ukuta mzima, kisha kitu kimoja kimoja, ili baadaye ijulikane kila kipande kilikaa wapi. Vitu vya altare visihamishwe kwa ajili ya picha.

Tena, si kila picha ni ya kuonyeshwa watu wote. Kalisi na vitu vya thamani vipigwe kwa ajili ya kumbukumbu ya parokia, visiwekwe hadharani. Mwizi naye ana simu.

Jambo moja liwe mwiko kabisa. Mara nyingi watu wakikimbia risasi hulala kanisani, kati ya benchi, na vyombo vyao chini ya Njia ya Msalaba. Picha ya mama aliyelala na watoto wake mbele ya altare huwavutia sana wapigaji, hasa wanaotoka mbali. Mama huyo hakuja pale kuwa pambo la mtu. Aulizwe, na akikataa, kamera ishushwe. Hata akikubali, ifikiriwe mara mbili kama uso wake na jina la mahali vitamletea hatari. Kambi za karibu na Drodro zilishambuliwa Novemba 2021. Wahami wanajua vizuri kwa nini hawapendi kujulikana walipo.

Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia michongo, watu wakiwa hawana unga wala hema. Swali hilo ni halali. Jibu ni kwamba kazi hii haichukui kikombe hata kimoja cha unga wa mtu. Na mtu wa Djugu au Irumu aliyekaa kambini miaka mingi huulizwa kila wiki amepoteza nini, ana watoto wangapi, anahitaji nini. Ni nadra kuulizwa anajua nini. Akiwekewa mbele picha ya mlango wa kanisa alimobatizwa, yeye ndiye mwalimu, na anayeshika kalamu ndiye mwanafunzi. Wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Biringi, hapa hapa teritori ya Aru, nao wameacha makanisa nyuma yao na wangeweza kufanya hivyo hivyo.

Kazi inaweza kuanza na parokia moja na vijana wawili watatu: mmoja wa simu, mmoja wa daftari. Kwenye daftari iandikwe tarehe ya picha, kitu chenyewe kinaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, nani alikichonga kama anajulikana, na mzee aliyeeleza, kama mwenyewe anakubali jina lake liandikwe. Wazee wakitofautiana, yaandikwe maelezo ya kila mmoja; kuna michongo ambayo Mhema na Mlendu watakumbuka kila mtu kivyake, na daftari si mahakama. Picha zinapotumwa kwa WhatsApp zitumwe kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa na michongo midogo haisomeki tena. Nakala moja ibaki parokiani. Ya pili iende dayosisi, Bunia au Mahagi-Nioka kwa Wakatoliki, Boga au Aru kwa Waanglikana, ili moto wa mahali pamoja usimalize zote. Ya tatu ichapwe kwenye karatasi na kupelekwa kambini, Kigonze na kwingineko, kwa kuwa huko simu nyingi hazina moto na wenye kanisa ndiko waliko.