Wanajeshi wa Mpakani, mpakani hawasikiki

Jumamosi jioni pita Sirari, Nyamongo au vuka Mto Mara mpaka Mugumu, ingia kibandaumiza chochote. Arsenal ipo, Simba ipo, Yanga ipo. Uliza Biashara United wametoka ngapi pale Karume, Musoma. Watu watakutazama tu. Labda umpate mmoja mwenye ndugu yake uwanjani, naye anasubiri meseji.

Hii ndiyo timu inayoitwa Wanajeshi wa Mpakani. Ilipanda Ligi Kuu 2018, msimu wa 2020/21 ikamaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaipiga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, halafu ikashindwa kusafiri kwenda Libya kurudiana. Ikatolewa hivyo hivyo. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Iliposhuka, kamera nazo zikapungua. Mkataba wa Azam Media na TFF uliosainiwa 2021, ule wa zaidi ya Sh225 bilioni kwa miaka 10, ni wa Ligi Kuu. Huku chini timu inaonekana kwa kubahatisha, na mdhamini haweki hela kwenye jezi ambayo haionekani.

Sawa, runinga ni gharama. Magari, kamera, mafundi. Lakini redio? Mtangazaji mmoja anayejua majina ya wachezaji, msaidizi wake, simu mbili zenye chaji na salio, kazi imeisha. Mkoa wa Mara una redio zake. Bodi ya Ligi ikae nazo, itoe ruhusa ya kutangaza mechi za madaraja ya chini kwa bei wanayoiweza, hata bure kwa kuanzia. Na uongozi wa Biashara usikae Musoma kusubiri kufuatwa, ubishe hodi wenyewe.

Wapo wanaosema Tarime na Serengeti hawana habari na Biashara, ni timu ya watu wa Musoma. Hao waulize wazee wa Mugumu walianzaje kuzipenda Simba na Yanga. Wengi hawakuwa wamefika Dar hata siku moja. Walikaa chini ya mti na redio ya betri, wakaisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam mpaka wakagombana kwa ajili ya wachezaji ambao hawajawahi kuwaona sura.

Biashara wakicheza tena Karume, kijana wa Nyamongo atafute masafa gani?