Bibi Amenyamazishwa



Ametuuliza mama mmoja wa Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Mumewe ni Mndengereko; yeye mwenyewe amezaliwa Dar es Salaam na hajui ila Kiswahili. Mtoto wao ametimiza miaka miwili na nusu na maneno yake bado ni machache. Wifi yake amesema kinachomchelewesha ni lugha mbili, basi bibi, ambaye humsemesha mjukuu Kindengereko tangu yumo katika mbeleko, aache. Bibi ametii. Sasa hushinda na mtoto akimwonyesha kwa mikono, kwani Kiswahili chake, asema, hakina utamu wa kubembelezea mtoto.

Tunaona hawakutenda sawa, ingawa hofu ya wifi tunaielewa. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na wapo watu wazima wanaokumbuka aibu ya kuingia darasa la kwanza bila ya kukijua. Lakini mtoto wa leo wa delta atakikwepea wapi Kiswahili? Kimo redioni, dukani, mtumbwini, na kinywani mwa mama yake. Kilicho hatarini hapo nyumbani ni Kindengereko.

Kwanza mtoto ahesabiwe maneno yake kwa haki. Akijua matano ya mama na saba ya bibi, ana kumi na mawili. Wengi huhesabu yale ya Kiswahili tu, kisha wakaingiwa na wasiwasi. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja, hajapotea. Anachukua neno lililo karibu, kama tufanyavyo sisi wakubwa. Kulea kwa lugha mbili si ugonjwa wala hakuleti ububu. Lakini ikiwa haitiki aitwapo kwa nyuma, au maneno aliyokuwa nayo yanampotea, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Hilo lisingojee.

Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Huyu alikuwa na wasemaji wawili mchana kutwa; mmoja ameondolewa, tena mwenye nafasi zaidi. Msimu wa kuamia mpunga ukifika, bibi na mjukuu watakuwa juu ya dungu tangu alfajiri, wakifukuza ndege. Majina ya ndege wale, ya matope, ya maji yanapojaa na kupwa kwenye mikoko, atayapata kwa nani mwingine?

Na baada ya miaka michache mtoto huyuhuyu atapelekwa madrasa asome Kiarabu, wala hatujamsikia wifi yeyote akihofu. Surat Ar-Rum, aya ya 22, inazitaja lugha zetu mbalimbali miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na haikukibagua Kindengereko.

Aende baba wa mtoto mwenyewe kwa mama yake, asimtume mkewe. Amwombe radhi, kisha amwombe arudi kusema. Wifi naye aelezwe kwa upole. Mama aliyetuuliza aendelee na Kiswahili chake, na jioni aketi karibu na mkwewe. Mwana na mama watajifunza pamoja, na tunadhani mwana atamtangulia.