Paralimpiki: kwa nini Kongo kubwa inatuma watu wa kuhesabu kwa vidole

Kongo ina watu wapata milioni 100, lakini kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wanaoishi na ulemavu, inahesabika kati ya inchi ndogo. Iliingia mara ya kwanza London mwaka 2012, na wanariadha wawili tu. Mpaka Paris 2024 ilikuwa haijarudi na medali hata moja.

Wengi wanasema ni shida ya pesa kule Kinshasa. Pesa inakosekana, ni kweli. Lakini mwenye kuishi Pinga anajua kama shida inaanza mbali sana na Kinshasa: inaanza kwenye mguu.

Chukua kijana wa Masisi ao Walikale aliyekatwa mguu sababu ya risasi. Kwa miaka mingi, mahali panapojulikana zaidi kwa miguu ya bandia ni kituo cha Shirika la Umoja kule Goma, chenye kupata msaada wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Kutoka Pinga barabara inapitia Kalembe, Mweso na Kitshanga, na kila mtu anajua mara ngapi vita imekata ile njia. Tena mguu wa bandia haupatikani mara moja ukaisha. Mtoto anakua, mfupa unarefuka, mguu wa mwaka jana haumfai tena. Hata kwa mtu mzima kigutu kinapungua unene, na mguu unaanza kuchubua. Anayeshindwa kurudi Goma anauweka pembeni na kushika magongo. Na huo ni mguu wa kutembea tu. Ule wa kukimbilia, wenye kupinda kama upinde, ni kitu kingine kabisa, na bei yake si ya huku.

Hapo michezo haijaanza bado. Kabla ya kushindana kimataifa, lazima wataalamu wampime mchezaji na kumpanga pamoja na wenye ulemavu unaolingana na wake. Asiyepimwa hashindani, hata awe na nguvu gani. Inchi zenye wachezaji wachache zinaweza kupewa nafasi za mwaliko, lakini komite ya taifa ndiyo inaomba, na inaomba kwa jina inalolijua.

Majirani wameonyesha kama inawezekana. Muganda David Emong alipata medali ya feza Rio 2016 kwenye mita 1500. Parfait Hakizimana, Murundi aliyejeruhiwa mkono akiwa mtoto katika shambulio lililomuua mama yake, alienda Tokyo kushindana taekwondo akitokea kambi ya wakimbizi ya Mahama. Kutaja Rwanda kwa msomaji wa Kivu si jambo jepesi siku hizi, lakini mfano wake ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 2012 timu yake ya wanaume ya voleboli ya kukaa ilifika London, na ndani yake walikuwemo watu waliopigana zamani katika majeshi mawili yaliyokuwa maadui. Wanawake wao walifuata Rio mwaka 2016.

Hawakuchagua ule mchezo bure. Voleboli ya kukaa haiombi kiti cha magurudumu wala mguu wa bandia. Kila mchezaji anakaa chini. Uwanja ni mita 10 kwa 6, wavu una urefu wa mita 1,15 kwa wanaume na 1,05 kwa wanawake. Kurusha tufe ao kisahani ukiwa umekaa kunahitaji kiti cha chuma kisichozidi sentimita 75, kazi ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuifanya. Na mikono yenye nguvu haikosekani: nani hajaona walemavu wa Goma wakipitisha mizigo mpakani kwa vinga vya magurudumu matatu? Mpira wa miguu wa magongo nao unapendwa, na Angola ilishinda kombe lake la dunia mwaka 2018, lakini hauko kwenye Paralimpiki. Anayeota Paralimpiki afikirie mchezo mwingine.

Sheria iko. Tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kinachokosa ni daftari. Pinga imegawanyika kati ya teritware mbili: upande wa Kisimba unaandikwa Walikale, upande wa Bashali-Mokoto unaandikwa Masisi. Mlemavu anaweza kukosa kuandikwa pande zote mbili.

Paralimpiki ijayo ni Los Angeles, Agosti 2028. Kazi ya kwanza haingoji ndege wala Kinshasa. Asosiasi za walemavu, mashule na vituo vya afya vya pande zote mbili wanaweza kuanza hata wiki hii kuandika nani ana ulemavu gani, ana miaka ngapi, anakaa kijiji gani, na mchezo gani anauweza.