Mtoto akileta jiwe linalong'aa

Mzazi wa Nyakunguru, mwanao akirudi na jiwe linalong'aa, usimgombeze. Mfundishe kulitambua. Likwaruzeni nyuma ya kipande cha tailizi, upande usiong'aa. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti, inayofanana nayo, huacha mweusi wenye ukijani.

Asilipasue kwa nyundo: vipande huruka machoni, na vumbi huumiza mapafu. Asiokote mawe kwenye karasha au mwalo wa wachimbaji, ambako zebaki humwagika udongoni. Nawe usichomee zebaki jikoni kamwe. Mvuke wake hauna harufu, lakini huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Mkimaliza, nawaneni kwa sabuni. Jiwe likae kwenye kopo, si kitandani.